Amejibu

Maestro Banze aliingia katika chumba changu cha kazi kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kabla sijamkaribisha, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kama mlango wa chuma unaoburuzwa kwenye saruji. "Numbi, mutoto wangu," alisema, "sauti imeanguka." Nilifurahi. Niseme hivyo mapema, msomaji asije akanidhania mtakatifu. Kuna watu wana kipaji cha kusahau, wamshukuru Mungu wao, mimi sikupewa. Kazi yangu hapa Kamina ni kutibu sauti za watu: wanakwaya, walimu, wahubiri wa sokoni, masajenti wa Base, kambi kubwa ya jeshi, wanaopiga kelele za gwaride mpaka wanashindwa kumwita mtoto wao aje ale. Wote hao nawapokea kwa moyo mweupe. Huyu nilimpokea kwa mikono iliyooshwa vizuri, basi. Alitaka sindano, alisema, ao kidonge, kitu cha haraka, juu jubile ya korali, kwaya ya parokia, iko juma lijalo na yeye ndiye mwanzilishi, atatoa hotuba. Nikamwambia afungue kinywa. Kabla ya kueleza nilichokiona mle ndani, sharti nirudi kwenye mwaka mmoja, mwaka ambao mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha namna ile na yeye akasimama nyuma yangu, akisikiliza kila neno.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano la sekondari, na nilikuwa soprano wa kwanza wa korali ya parokia. Ya nyumbani siyaelezi. Yatosha kusema kwamba mama yangu aliuza mikate ya kukaanga mlangoni pa parokia, na kwamba tulikaa karibu na reli kiasi cha vikombe kutetemeka kabatini treni ikipita. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni ukumbi wa mazoezi. Ulikuwa nyuma ya kanisa, paa la mabati, madirisha bila vioo, na wakati wa kiangazi upepo wa baridi uliingia pamoja na vumbi jekundu la barabara. Ili tusitetemeke, Maestro aliwasha mbabula, jiko la makaa, katikati ya ukumbi, nasi tukasimama duara kulizunguka na kuimba, tukivuta moshi kila tukivuta pumzi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa reli, ameshika nyundo tangu ujana, na akipiga makofi kutuhesabia mwendo, mtu aliyekuwa kituoni alijua tumefika ubeti gani. "Panda," aliniambia. "Panda tena. Noti iko kule juu, weye ungali hapa chini." Askofu alikuwa anakuja kwa sikukuu ya parokia, na wimbo wa kumpokea ulikuwa na sehemu ya mtu mmoja, yangu, isiyokuwa na mahali pa kushuka. Tuliirudia kila siku baada ya shule mpaka giza linaingia, na Jumamosi kutwa nzima.

Koo likikauka, Maestro alikuwa na dawa. Kwanza limau na chumvi. Kisha yai bichi, la kumeza bila kuonja. Mwisho kifuniko cha lutuku, pombe kali ya mahindi inayoweza kuwasha taa, ya kusukutua. "Koo ya mwimbaji ni kama chuma," alisema, "inatengenezwa kwa kupigwa." Nilimwamini. Sote tulimwamini, alikuwa ametufundisha noti tulipokuwa hatujui hata kusoma vizuri. Leo nawafundisha watu kwamba sauti ni nyama mbili ndogo zilizojaa unyevu, zinagongana na kuachana kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kwamba hazitaki chochote zaidi ya maji, hewa safi na kupumzishwa. Nawaambia pombe inazikausha, moshi unazikausha, na mtu akiimba juu zikiwa kavu anazisaga. Kila nikilisema hilo, kile kifuniko cha lutuku narudi kukionja.

Katikati ya mwezi wa saba nilifungua kinywa kwenye noti ya juu, ikatoka pumzi tupu. Nikajaribu tena. Pumzi. Maestro alishusha mikono, akasema tuendelee bila soprano wa kwanza. Jioni ile nilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye bomba, nikiosha vikombe vya korali, na upande wa pili wa ukuta mama wawili wa alto walikuwa wanakunja kanzu. "Soprano haianguke bure," mmoja alisema. "Musichana akisha kujua mwanaume, kule juu kunajifunga." Mwenzake akauliza, "Kujua tu? Sauti ya Numbi imeanguka nzima. Ile iko mambo ya kutoa mimba." Walicheka kidogo, wakaendelea kukunja. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka maji yakanifurikia miguuni. Sikuwa nimewahi hata kushikwa mkono na mvulana, na nilishindwa kuwaambia hivyo kwa sababu nilipofungua kinywa hakikutoka kitu.

Juma lile daktari mmoja mwanamke, wa masikio, pua na koo, alikuwa ameshuka na ndege kutoka Lubumbashi kuwaangalia askari wa Base walioharibika masikio kwa milipuko, na asubuhi moja waliwafungulia raia mlango. Maestro alinipeleka kwa baiskeli yake. Alitaka soprano wake arudi kabla ya askofu. Chumba kilikuwa na pazia la kijani na harufu ya spiriti. Daktari alishika ulimi wangu kwa kitambaa, akapasha kioo kidogo cha mpini mrefu kwenye taa ya spiriti, pumzi yangu isije ikakitia ukungu, akakigusisha nyuma ya mkono wake kupima joto, akakiingiza hadi kwenye koo. "Sema iii," alisema. Nikasema ile iii yangu ya kukwaruza. Alipokitoa, Maestro hakungoja.

"Dokta, haiko mambo ya wanaume?" aliuliza.

Daktari alimwangalia. Kisha akasema, "Tata, nipe mukono," akaugeuza ule mkono wa nyundo, kiganja juu. "Hii migumu hapa, hizi sugu, zilitoka wapi?"

"Kazi ya reli, Dokta."

"Haikuwa wanaume?" Maestro akacheka kwa aibu, daktari akaendelea. "Basi, huyu mutoto naye iko na sugu, moja kila upande wa sauti yake, juu ya kuipigisha kila siku pasipo kuipumzisha. Ni mazoezi yako njo yanamuharibu. Zingali laini, zitaondoka. Lakini asiimbe kwa askofu, na asiseme hata neno moja mpaka misa ya Asumpta, katikati ya mwezi wa nane. Hata kunong'ona hapana, kunong'ona kunakaza koo zaidi. Umesikia?"

"Eyo, Dokta," alisema Maestro. "Nimesikia."

Alisikia. Ninaomba mnishikie neno hilo, kwa sababu habari nzima inategemea hapo. Siku hizi hatumnyamazishi mtu hivyo kwa ajili ya sugu, tunamfundisha kuongea bila kujiumiza. Lakini ile ndiyo sayansi aliyokuja nayo yule mama, na ilinifaa. Kesho yake ndege ilimrudisha Lubumbashi. Waliobaki Kamina wakijua alichosema walikuwa wawili, Maestro na mimi, na mmoja wetu alikuwa amekatazwa kusema.

Nilijifunza kunyamaza kama mtu anavyojifunza kutembea na mguu uliofungwa. Nilitembea na ubao wa shule na chaki, nikaandika "chumvi", "maji", "asante mama". Nyumbani kwetu tulikuwa watu wa maneno mengi, na sasa palisikika kijiko kikigonga sufuria na treni. Siku moja mama alirudi mapema na beseni lake la mikate, limejaa kama lilivyotoka. Alilitua chini akapika bukari, ugali wetu, akaweka na bitoyo, samaki wa chumvi niliowapenda, na tulipokaa kula ndipo aliponiambia. Maestro alikuwa ametangaza kwenye korali kwamba munganga, yule daktari, ameangalia koo yangu vizuri, hakuona kitu. Koo ni nzima. Sasa kila mama aliyepita mlangoni pa parokia alilitazama beseni, akatazama pembeni.

"Jumapili banakuweka katikati," mama alisema. "Numbi, neno moja tu. Sema hapana, kisha unyamaze tena."

Niliandika: Munganga alikataza.

"Munganga amesharudi kwao," alisema. "Minyi mama yako njo nitakaa hapa na hawa bantu." Alikata tonge la bukari, akaliangalia, akalirudisha kwenye sahani. Nilitamani angenipiga.

Kuweka mtu katikati ilikuwa desturi ya korali yetu. Mwenye kushukiwa anasimama ndani ya duara, Maestro anamuuliza mbele ya wote. Ukijibu, duara linapima jibu lako, na wengi walijibu wakasamehewa. Ukinyamaza, Maestro anatamka neno moja, "Amejibu", wote wanalirudia, na shauri limekwisha, halifunguliwi tena. Jumapili ile baada ya misa nilisimama pale ambapo mbabula iliwashwaga, majivu yakiwa bado chini. Adèle, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alikuwa kwenye alto, akiangalia viatu vyake. Maestro alikunja mikono nyuma. "Numbi," aliuliza, "sauti yako iliangushwa na nini?"

Nilitikisa kichwa, nikaonyesha koo, nikainua ubao. Nilikuwa nimeandika tangu nyumbani, kwa herufi kubwa: MAESTRO ULIKUWEPO SEMA ALICHOSEMA DAKTARI. Aliusoma. Niliyaona macho yake yakienda kutoka kushoto hadi kulia, mstari kwa mstari, kisha akauchukua ubao kwa upole kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akaulaza kwenye benchi, maandishi chini. "Kichwa haiko kinywa," aliliambia duara, "na Mungu hasomi ubao. Minyi nauliza sauti."

Neno hapana lilikuwa kinywani, limefika kwenye meno. Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu kwa nini sikulisema tu. Kwa sababu nilijijua. Lisingekuwa neno moja. Ningepiga kelele mpaka mabati ya paa yalie, ningemtaja yeye na nyundo zake na lutuku yake, na nilijua kwa jinsi koo lilivyokuwa linawaka kwamba baada ya hapo nisingeimba tena maishani. Jina au sauti, kimoja. Nikafunga meno. Maestro alingoja muda wa kutosha ili kila mtu aone kwamba amengoja. "Amejibu," alisema. "Amejibu," wakasema wote, kwa sauti nne, vizuri kabisa, maana alikuwa ametufundisha vizuri. Alto ya Adèle niliitambua katikati yao. Wakanivua kanzu.

Sauti ilirudi. Siku ya Asumpta, wenzangu wakiwa kanisani, niliinama juu ya sufuria ya maji ya moto jikoni, nikavuta mvuke, nikaanza kuvumisha sauti polepole, mdomo umefungwa, na ile noti ya juu ikaja yenyewe bila kusukumwa, safi. Nililia mpaka moto ukazimika. Jioni nikaenda kwa Maestro kumwambia nina sauti sasa, aniulize tena. Alikuwa anakula. Hakuinuka mezani. "Ulikuwa na siku yako ya kujibu," alisema, akauliza kama kuna pilipili. Kwa nini alifanya vile nilikuja kuelewa baadaye, na si jambo kubwa: wazazi wangelisikia neno la daktari wangetoa watoto wao kwenye korali kabla ya askofu kufika. Kwa ajili ya ule wimbo mmoja tu. Na askofu, nasikia, alichelewa, wakaufupisha. Mama hakuuza tena mlangoni pa parokia. Alihamia kituoni, kwa wasafiri, watu wasiomjua, na alikufa bila kurudi kwenye ule mlango. Mimi nilikwenda Lubumbashi, nikamtafuta yule daktari, nikajifunza kazi ya sauti kwenye chumba chake mpaka nikapata diploma yangu, na nilichagua kurudi Kamina wakati wenzangu wote walinicheka. Nilikuwa na sababu.

Sasa turudi kwenye kile kiti. Nilimwingiza Maestro kamera nyembamba, tukatazama wote wawili kwenye kompyuta. Uzi wa sauti wa kushoto ulikuwa mweupe kama unavyotakiwa. Wa kulia ulikuwa mwekundu mzima: mshipa mdogo ulikuwa umepasuka kwa kelele za mazoezi ya jubile, damu imesambaa chini ya utando. Hili si sugu. Hapa vitabu vyote vinasema kitu kimoja, na ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba chuki ndiyo iliyoandika dawa, nilimpigia simu mwalimu wangu Lubumbashi mbele yake, nikaweka simu isikike. Kunyamaza. Kabisa. Akiongea damu itarudi, na kovu litakaa pale mpaka kaburini.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Tangu sasa. Mpaka jubile ipite. Hata kunong'ona hapana."

Alionyesha kwa vidole: na kwenda, naweza? "Nenda, Maestro," nilimwambia. "Weye njo mwanzilishi, usikose. Ila hata neno moja."

Mimi pia nilialikwa. Adèle ndiye rais wa korali sasa, na alikuwa amenipigia mwezi mmoja nyuma kuniomba niwafundishe vijana kutunza sauti, kidogo tu, kabla ya kuimba. Hakugusia mambo ya zamani. Watu wa namna ile hawagusii. Ukumbi una vioo sasa na vigae chini, na mbabula imekwisha, wana kipasha joto cha umeme kinachofanya kazi umeme ukiwepo. Niliwagawia kila mmoja glasi ya maji na mrija, vijana na wazee wale wale wa bass na alto, nikawaonyesha jinsi ya kuimbia ndani ya mrija mpaka maji yachemke kwa mapovu, ili nyuzi zigongane kwa wepesi bila kuumizana. Walicheka, kisha wakaisikia. Sauti zilifunguka ukumbi mzima. Maestro alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa, akitabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Nikamuuliza Adèle, mbele ya wote, kama korali bado ina desturi ya kuweka mtu katikati. "Iko," alisema, na nilimwona akitamani kulirudisha neno. Nikaenda kwenye kile kiti, nikamshika Maestro mkono, akainuka nami kwa furaha, akidhani namleta kupongezwa. Tulipofika katikati niligeuza kiganja chake juu. Sugu zingali pale, za njano, hazijatoka kwa miaka yote hii. Nikawaambia vijana habari ya daktari wa Base, ya kioo na taa ya spiriti, na jinsi alivyoushika mkono huu huu ili mwenye mkono aelewe. Sikupandisha sauti. Ninajua kuitunza. Kisha nikamgeukia. "Maestro," niliuliza, "munganga alisema nini siku ile?"

Aliacha kutabasamu. Aligusa koo. Alitikisa kichwa, akanionyesha mimi, mimi niliyemkataza, akawageukia watu kama anayesema, mwulizeni mwenyewe.

"Kichwa haiko kinywa," nilimwambia.

Alitoa simu mfukoni, akaanza kuandika. Nilimwacha aandike mpaka amalize. Kisha nikaichukua kwa upole, nikaisoma yote, nikailaza kwenye benchi, kioo chini. Neno lilikuwa kwenye meno yake, nililiona, nafahamu vizuri jinsi linavyokaa pale. Alifunga kinywa. Alichagua sauti, kama nilivyochagua mimi, ila mimi nilikuwa na ukweli nyuma ya meno. Nilingoja muda wa kutosha ili kila mtu aone nimengoja, na lile neno la mwisho sikulisema mimi. Lilitoka kwenye benchi la bass, kwa mzee mmoja aliyelisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyoitikia amina: "Amejibu." Likachukuliwa na wote. Sauti zilikuwa zimepashwa vizuri, nilizipasha mwenyewe, likatoka safi kabisa. Alto ya Adèle ilikuwa katikati yao.

Nilimtibu mpaka mwisho. Alikuja kila nilipomwita, kofia mkononi, nami sikumrukia zoezi hata moja. Mrija, mvuke, noti za chini kwanza, polepole. Damu ilikauka, kovu halikubaki. Mwezi uliopita nilimwingiza kamera kwa mara ya mwisho, nikamwambia amepona, aongee apendavyo. Anaongea kama kijana. Anayo sauti nzuri ya kujibu sasa, na Kamina nzima hakuna mtu anayemuuliza.